Pwani Isiyokaa Mahali Pamoja, na Watu Walioipima



Mzee mmoja aliniuliza swali baada ya darasa la kusoma ramani, nami sikuweza kumjibu siku ile. Alisema, "Mwalimu, ramani hii yaonyesha mto wapita upande huu wa mwembe, na macho yangu yauona upande wa pili. Nisadiki lipi, karatasi au macho?" Vijana wakacheka, mimi nikanyamaza. Swali lake nililichukua moyoni muda mrefu, na jibu nimelipata katika habari za pwani moja ya mbali, pwani ya mchanga mtupu huko Marekani, ambayo watu wameipima na kuipima tena kwa muda wa miaka karibu 180, na kila wakirudi huikuta nchi imehama.

Pwani hiyo huitwa Outer Banks, yaani kingo za nje, nayo ni sehemu ya jimbo la North Carolina. Msidhani kwamba imeshikamana na bara kama pwani nyingine. Ni mkanda mwembamba wa visiwa vya mchanga uliotandazwa baharini kwa urefu wa maili zaidi ya 150. Upande wa mashariki ni bahari kuu ya Atlantiki. Upande wa magharibi ni ghuba pana, na iliyo kubwa kupita zote huitwa Pamlico, ambayo mtu akisimama ukingoni pake mahali pengi haioni bara ng'ambo. Katikati ya maji haya mawili umelala mchanga, ambao mahali pengi haufiki maili moja kwa upana. Hapana mwamba. Hapana jiwe la kushika nanga ya nchi. Upepo ukivuma huchukua mchanga wa juu, na mawimbi huchukua wa chini.

Katikati ya mkanda huo nchi hujipinda ghafula, na pembe yake ndiyo Rasi Hatteras. Mbele ya rasi mafungu ya mchanga yaenda maili nyingi chini ya maji, tena hayakai mahali pamoja. Mabaharia huyaita Diamond Shoals. Hapo ndipo mkondo wa maji ya moto utokao kusini hukutana na maji baridi ya kaskazini. Merikebu zilizovunjika katika bahari hiyo ni nyingi mno, hata mahali pale pakaitwa Makaburi ya Atlantiki. Basi mwelewe kwamba ramani ya pwani hiyo haikutafutwa kwa kupenda elimu tu. Nahodha aliyeshika ramani mbaya aliweza kuwazamisha watu wake wote kwa usiku mmoja.

Wa kwanza kuichora kwa bidii alikuwa Mwingereza John White, mchoraji, aliyefika mwaka 1585 pamoja na watu waliotumwa na Walter Raleigh. Ramani yake ni nzuri ya kutazama. Yaonyesha malango ya bahari, yaani mahali maji yapitapo kati ya kisiwa na kisiwa, ambayo leo hayapo. Yaonyesha pia rasi moja kubwa, Cape Kenrick, upande wa kaskazini wa Hatteras, nayo leo haionekani kabisa. Mahali pake pana mafungu ya mchanga chini ya maji tu. Je, White alikosea, au bahari imeila rasi nzima? Wenye elimu wengi waona kwamba rasi ilikuwako kweli. Lakini karatasi yenyewe haiwezi kujitetea. White hakuwa na vipimo vya kuifunga ramani yake na mahali pasipohama, na kwa hiyo tofauti kati ya ramani yake na nchi ya leo yaweza kuwa kosa la mkono, au yaweza kuwa safari ya mchanga, wala hakuna wa kuzitenga mbili hizi kwa hakika.

Hapo ndipo ilipo shida yote ya kupima nchi ya mchanga. Ramani mbaya na nchi iliyohama hufanana machoni.

Aliyeanzisha kazi ya kuiondoa shida hiyo alikuwa Ferdinand Hassler, mzaliwa wa Uswisi. Sheria ya kupima pwani yote ya Marekani ilitiwa sahihi na Rais Thomas Jefferson mwaka 1807. Mwaka 1811 Hassler akapelekwa Ulaya kununua vyombo vya kupimia. Vita kati ya Uingereza na Marekani vikamzuia, asirudi mpaka 1815. Akaanza kazi mwaka 1816, na miaka miwili haijaisha akaondolewa, kwa sababu wakubwa walitaka kuona ramani upesi, naye alikuwa bado anapima pembe. Mwaka 1832 wakamwita tena. Alikuwa mtu mgumu, mwenye kiburi cha fundi, na mimi nampenda kwa kiburi hicho. Alikufa mwaka 1843, na nafasi yake katika Idara ya Kupima Pwani ikashikwa na Alexander Dallas Bache, kitukuu cha Benjamin Franklin.

Yafaa niwaeleze jinsi walivyofanya, maana ndiyo habari yenyewe.

Kwanza walitafuta mahali tambarare, wakapima mstari mmoja juu ya nchi kwa uangalifu kupita kiasi. Mstari huo ndio msingi. Katika Outer Banks ulipimwa mwaka 1848 juu ya kisiwa cha Bodie, urefu wake maili karibu 7. Hawakutumia kamba, kwa kuwa kamba hunyooka na kulegea. Wala chuma peke yake, kwa kuwa chuma hurefuka juani. Bache alikuwa na fimbo za kupimia zilizoundwa kwa chuma na shaba pamoja, kwa werevu hata kurefuka kwa moja kukasawazishwa na kurefuka kwa nyingine. Walizipanga fimbo hizo moja mbele ya moja, kutwa nzima, siku baada ya siku. Mstari ulipokwisha, walisimama kwenye ncha zake mbili wakaangalia alama ya tatu kwa durubini, wakapima pembe. Mtu ajuaye upande mmoja na pembe mbili za pembe tatu aweza kujua pande zote bila kuzikanyaga. Kutoka pembe tatu ya kwanza wakajenga ya pili, na ya tatu, mpaka pwani yote ikafunikwa kama wavu.

Ndipo alipokuja mpimaji wa pili na meza yake. Ni meza ndogo ya ubao juu ya miguu mitatu. Huisawazisha kwa pima maji, juu yake hubandika karatasi iliyokwisha tiwa alama za wavu ule, na juu ya karatasi huweka rula yenye durubini. Msaidizi wake hutembea ufuoni na fimbo iliyopakwa rangi, akisimama kila pwani ijipindapo. Mpimaji humwangalia kwa durubini, husoma fimbo, huchora. Ramani ilichorwa palepale, nchi ikiwa mbele ya macho. Kwa kawaida futi moja ya karatasi ilisimama badala ya futi 10,000 au 20,000 za nchi, hata nyumba moja moja iliweza kuonekana.

Na mstari wa pwani wenyewe wauweke wapi? Sisi watu wa pwani twajua ugumu wa swali hili. Maji ya bamvua hupanda yakafika kwenye mizizi ya mikadi. Maji mafu hayafiki hata nusu ya ufuo. Mtu akiulizwa bahari yaishia wapi, lazima ajibu kwanza, "Siku gani?" Wapimaji wale walipatana kuandika mstari wa maji kujaa ya kawaida. Waliutambua kwa alama ziachwazo na maji: mwani mkavu, vijiti, makombe, na rangi ya mchanga ulioloana. Lakini dhoruba nayo huacha mstari wake wa takataka juu zaidi, na mpimaji asiye mwangalifu huweza kudanganywa nao. Hapa chombo hakimsaidii mtu. Ni macho na dhamiri. Waliochunguza kazi yao baadaye waliona kwamba kosa la mstari ule kwa kawaida halizidi meta 10. Kwa watu waliotembea juani na meza begani, si neno dogo.

Kisha kila karatasi iliandikwa mwaka na jina la aliyeipima. Neno hili shikeni, nitalirudia.

Kabla msingi wa Bodie haujapimwa, pwani ile ilikuwa imewapa wapimaji onyo. Mwezi wa Septemba 1846 dhoruba kubwa ilipita. Kwa siku kadhaa upepo ulivuma kutoka kaskazini-mashariki, ukayasukuma maji ya ghuba ya ndani yakarundikana upande wa kusini-magharibi. Kisha upepo ukageuka ghafula. Maji yale yaliyorundikana yakarudi kwa kishindo, yakaupiga mkanda wa mchanga kutoka nyuma, yakaupasua. C. O. Boutelle, mmoja wa wasaidizi wa idara, aliandika habari hiyo jinsi ilivyowapata wenyeji. Angalieni jambo hili: watu walikuwa wameelekeza uso kwenye bahari kuu wakiiogopa, na adui akatoka kwenye maji matulivu ya uani. Malango mawili yalifunguka katika dhoruba hiyo, Septemba 7 na 8. Moja ni lango la Hatteras. La pili likaitwa Oregon, kwa jina la meli ya moshi isimuliwayo kuwa ya kwanza kulipita.

Dhoruba hiyohiyo ilimkuta baharini Luteni George M. Bache, ndugu yake mkubwa wa idara, akiiongoza merikebu Washington katika kazi ya kuuchunguza mkondo wa maji ya moto. Septemba 8 wimbi liliipiga merikebu likamchukua yeye na mabaharia kumi. Hawakuonekana tena. Miaka miwili baadaye Alexander Bache alipima msingi wake juu ya mchanga wa pwani ileile. Sijui mtu hupimaje akiwa na kaburi kama hilo mbele yake, lakini fimbo zake hazikutetemeka.

Malango yale hayakuwa habari ya mabaharia tu. Mwezi wa Agosti 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vimeanza, manowari za serikali ya kaskazini zilizipiga ngome zilizolinda lango la Hatteras zikazitwaa, zikapata njia ya kuingia maji ya ndani ya North Carolina. Mtu aliyekuwa na ramani ya mwaka 1845, hata ikiwa imepimwa vizuri namna gani, asingeliona lango hilo, kwa kuwa mwaka ule palikuwa nchi kavu.

Na lango la Oregon halikutulia tangu kuzaliwa. Mchanga huja kutoka kaskazini, hujaza upande mmoja, na maji hula upande wa pili. Hivyo lango lote latembea kwenda kusini. Tangu 1846 limekwenda zaidi ya maili 2. Minara ya taa yashuhudia. Mnara wa kwanza wa Bodie ulijengwa mwaka 1847 upande wa kusini wa lango, kwa msingi mbaya, ukainama, ukaachwa. Wa pili ulisimama 1859 karibu na hapo, na mwaka 1861 majeshi ya kusini yalipokuwa yakirudi nyuma yaliulipua. Mahali pa minara hiyo pamekwisha kumezwa na maji. Wa tatu, wa mwaka 1872, ulijengwa upande wa kaskazini, nao ungali umesimama. Lango ndilo lililouacha, likaenda zake mbali.

Nitoke njiani kidogo niwataje watu waliolinda maisha ya wengine katika pwani hii, kwa kuwa ramani huwasahau. Serikali iliweka vituo vya waokoaji ufuoni, na usiku walinzi walitembea kwa miguu kutoka kituo mpaka kituo wakiangalia baharini. Kimoja ni Pea Island, kusini ya lango la Oregon. Mwaka 1880 kiliwekwa chini ya Richard Etheridge, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani mwaka 1842, naye akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza kituo kama hicho. Watu wake wote nao wakawa weusi. Usiku wa Oktoba 11, 1896, merikebu E. S. Newman ilipanda mchangani katika dhoruba, na mawimbi yalikuwa yameufunika ufuo hata vyombo vya kurushia kamba havikuweza kusimamishwa. Etheridge akawafunga watu wawili kwa kamba nene, wakaogelea mpaka merikebuni, wakarudi na mtu mmoja; wakaenda wengine wawili, na wengine tena. Walitoa watu tisa, mmoja wao mtoto mdogo, asipotee hata mmoja. Nishani ya dhahabu walipewa mwaka 1996, miaka mia baada ya tendo, na Etheridge alikuwa amekwisha kufa tangu 1900. Haya, turudi.

Mnara mkubwa wa Hatteras, wenye mistari meusi na meupe iliyozunguka kama kamba, uliwashwa mwaka 1870. Urefu wake ni futi 198. Msingi wake uliwekwa juu ya magogo ya msonobari yaliyolazwa ndani ya maji matamu chini ya mchanga, ambamo hayaozi. Siku ile bahari ilikuwa mbali futi 1,500. Wajenzi waliona ni mbali ya kutosha. Lakini maji yalikuja. Kabla ya 1936 mawimbi yalifika miguuni pa mnara, taa ikahamishiwa mnara wa chuma ndani ya nchi. Vibarua wa serikali wakajenga vilima vya mchanga pwani na kupanda majani ya kuushika, ufuo ukapona kwa muda, na mwaka 1950 taa ikarudi. Bahari nayo ikarudi. Wakajenga kuta za kukinga mchanga. Wakamwaga mchanga mwingine. Mwishowe zilisalia futi 120 tu.

Sasa watu wakabishana. Wengine walisema tujenge ukuta kuuzunguka mnara; wengine walisema tuuhamishe; wenyeji wengi walikataa, wakihofu kwamba matofali ya zamani hivyo yatapasuka njiani. Hapo karatasi za wapimaji zikaitwa kutoa ushahidi. Mwaka 1983 wahandisi wa jeshi na idara iliyorithi kazi ya Bache walitoa kitabu kilicholinganisha mistari ya pwani kutoka Cape Henry mpaka Cape Hatteras, tangu 1849 hata 1980. Waliweka mstari wa mwaka mmoja juu ya mstari wa mwaka mwingine, kwa kuwa zote zilifungwa na wavu mmoja wa alama. Umbali kati ya mstari na mstari, ukigawanywa kwa miaka, ndio mwendo wa bahari. Mtu hawezi kuubishia mwendo wa miaka 130 kwa kusema, "Labda mwaka huu ulikuwa mbaya." Mwaka 1988 baraza la wanasayansi la taifa likashauri mnara uhamishwe.

Ulihamishwa mwaka 1999. Waliukata kutoka msingi wake, wakauinua kwa mashine za nguvu ya mafuta, wakausukuma juu ya reli, wote mzima, tani zipatazo 4,800. Kwa siku 23 ulikwenda futi 2,900, wala haukupasuka. Ukasimama tena mbali na bahari futi 1,600, karibu sawa na siku ya kuzaliwa kwake.

Nilimrudia mzee wangu nikamwambia, "Baba, sadiki vyote viwili, ila iulize karatasi mwaka wake, na iulize ilipima kutoka wapi." Akafikiri, akasema, "Basi mto umetembea tangu ramani hii, na hatua zake twaweza kuzihesabu kutoka kwenye mwembe." Nikamwambia ndivyo. Siku ya pili alikuja na kamba, tukazihesabu. Zilikuwa hatua 41.

Huko Outer Banks kazi haijaisha. Picha za ndege zilichukua mahali pa meza ya miguu mitatu, na sasa ndege hupima mchanga kwa miali ya mwanga. Daraja la kwanza la lango la Oregon lilijengwa mwaka 1963, na njia ya meli ilikuwa chini ya sehemu moja tu. Njia ya maji ikahama, daraja likabaki. Daraja jipya la mwaka 2019 limepewa nafasi kadhaa za kupitisha vyombo, ili mkondo ukihama nahodha apite chini ya nyingine. Katika kijiji cha Rodanthe, tangu mwaka 2020, nyumba zaidi ya kumi zimeanguka baharini, moja moja, nyingine usiku zikiwa hazina watu. Na karatasi za zamani zimetunzwa, kila moja na jina lake na mwaka wake. Katika sehemu kubwa ya kaskazini ya Hatteras, mtu akitaka leo kusimama juu ya mstari wa mwaka 1849, itambidi aende kwa mashua.